Pua Yangu na Mpira wa Petroli

Ijumaa, Runazi. Manyunyu tangu alfajiri, na mimi nimeketi ndani ya gari lisilokwenda popote.

Nyuma yangu kuna madumu ya pombe ya ndizi. Kesho mchana yanatakiwa Bukiriro, kule Ngara, kwa baba wa binti anayeposwa na Deo, mtoto wa kaka yangu. Tulishaahirisha mara moja. Mzee yule alisema kwa upole, ule upole unaotisha: "Mkikosa tena, nitajua hamna haja na binti yangu."

Na ni nani aliyejigamba mbele ya ukoo kwamba usafiri upo?

Haya.

Wiki hii gari lilianza kutoa moshi mweusi na kunywa petroli kama wajomba zangu wanavyokunywa msibani. Likipata moto, kuwaka ni shida. Asubuhi nikampigia fundi wangu aliyeko Biharamulo mjini. Akasema huenda ni regyuleta, kile kidude kinachozuia presha ya petroli isizidi. Kupima ni rahisi: washa injini, chomoa mpira mwembamba uliochomekwa juu yake, unuse. Ukiwa na petroli, imekufa hiyo.

Nikachomoa. Bila miwani sikuona kitu. Nikanusa kwa heshima zote, kama daktari.

"Hauna kitu, fundi. Safi kabisa."

Basi akanituma kwenye plagi. Nikafungua, nikapangusa, nikafunga, nikawa mweusi hadi kwenye nyusi. Gari likawaka, likakohoa, likazima.

Mchana mke wangu akaniletea chai. Akainamia ule mpira, akaruka nyuma.

"Baba Jeni! Hii si petroli hii?"

"Nimeshanusa."

"Kwa pua ipi? Hiyo iliyoshinda kwenye madumu?"

Sasa nikiri. Kwetu pombe ya ukweni haitoki nyumbani kabla mtu wa ukoo hajaionja, na mtu wa ukoo ni mimi. Nilionja dumu la kwanza. Halafu, nisije nikayaonea mengine, nikaonja yote. Pua ilijaa ndizi. Hata ningenusishwa samadi ningesema safi kabisa.

Nikampigia fundi tena. Nikamweleza alichokinusa mke wangu.

"Mzee, usiwashe tena hilo gari, utaungua na pombe yako. Ungeniambia asubuhi, ningeagiza regyuleta nyingine Mwanza, ikapanda basi. Sasa basi limeshaondoka. Labda keshokutwa."

Keshokutwa.

Pombe haijui keshokutwa. Kesho itakuwa imeiva sawasawa. Keshokutwa ni siki. Jirani mwenye pikapu yuko msibani, mwingine amebeba mahindi ya watu hadi Jumapili. Bodaboda, kwa umbali ule na utelezi huu? Pombe ingenywewa na barabara.

Vifuniko nimevilegeza mwenyewe, madumu yasipasuke. Yanapumua nyuma yangu, fsss, fsss. Hata dumu la plastiki linajua kupunguza presha yake.

Deo ameandika: "Shikamoo baba mdogo. Gari liko sawa?"

Nimemjibu, "Marahaba, mwanangu."

Hiyo imeshakwenda. Sasa anasubiri lililobaki, na mimi natazama kioo cha simu kama nilivyoutazama ule mpira asubuhi. Nitamwambia nini mtoto wa watu?