Kumwogesha Salim Miguuni

Malindi, Unguja, Jumatano jioni, 1954

Nimemwogesha! Magoti yananiuma, lakini mjukuu wangu habanduki hapa. Asubuhi Zuhura, mke wa mwanangu, aliniambia nikishindwa atampeleka kwa mama yake, Kizimkazi.

Nilikaa chini, nikanyoosha miguu, nikamlaza Salim juu ya miundi, kama mama yangu alivyofanya kwetu Ngazija.

"Mama, atateleza huyo!" Zuhura alimaka, kata ya maji mkononi.

"Hatelezi. Wewe mimina maji, maneno hayaogeshi mtoto."

Alilia mpaka maji ya uvuguvugu yalipomfika mgongoni. Hapo akanyamaza, akajinyoosha, akanikojolea hadi kifuani. Zuhura alicheka hata kata ikamponyoka.

"Basi Mama, keshakuchagua!"

Tangu nije Unguja nikiwa msichana, watu huniuliza kwa adabu kwetu nitarudi lini. Salim hana adabu hata chembe, alhamdulillahi.