Mchumba wa Shangazi Hana Kichwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na hili sijamwambia mtu mwingine yeyote: mchumba wa shangazi yangu ni mimi.

Nimemaliza shule juzijuzi, nina haya sana, na namsaidia shangazi, ndiye aliyenilea, kwenye duka lake la ushonaji. Shuleni tulifundishwa kwamba mtandaoni msichana asiweke jina lake wala sura yake, basi nikafungua ukurasa kwa jina la Mhandisi Mjane, na picha nikapiga ile sanamu yetu ya kuonyeshea nguo, isiyo na kichwa, ikiwa na suti, nikidhani nani atamsumbua mzee kama huyo, kumbe shangazi akaiona akasema, "Huyu anajua kuvaa! Tazama kola ilivyokaa!" na suti ameishona yeye mwenyewe.

Akamwandikia. Nikaona kunyamaza ni kukosa adabu, nikajibu, "Shikamoo." Akacheka siku nzima, eti mjane ana utani. Nikimwambia huenda ni tapeli, kwani hata uso haonyeshi, ananijibu, "Mwanangu, ni mnyenyekevu." Sasa amemtumia picha ya kitambulisho chake, namba ya siri ya simu na mahali tunapoficha ufunguo, na muuza vifungo aliyekuwa akimpenda kweli amemfukuza dukani. Alipomuuliza mjane kama ataleta posa Jumapili, nikaona haya kukataa, nikajibu ndiyo; sasa anaingoja, majirani wameshaalikwa, na mimi ndiye niliyetumwa kuazima viti. Nikisema ataaibika, nisiposema ataaibika zaidi. Tafadhali mshauri, usimwambie mtu.

MSHAURI ANAJIBU

Binti, pole, ila umenichosha. Uliambiwa ujifiche, nani alikuambia uchumbie?

Hata hivyo, hofu yangu ni hii: aliyempa asiye na kichwa ufunguo wa nyumba, kesho atampa mwenye kichwa, na huyo atakuja kweli. Mwambie leo, mkiwa wawili, baada ya kufunga duka, na mkasi uwe mbali. Abadilishe namba ya siri, ufunguo uhamishwe, na mazungumzo yote yafutwe pande zote mbili kabla hujaufunga ukurasa huo. Atafoka. Usikimbie, na usijitetee kwa mambo ya shuleni.

Jumapili simama mlangoni wewe mwenyewe, uwaambie majirani kwamba hakuna posa na kosa ni lako. Najua una haya. Shangazi yako siku hiyo atakuwa na aibu kukuzidi, na yeye jina lake na sura yake wanavijua wote.