Zizi la Mbuzi Lililokataa Pembe Nne

Jumatano, mvua imekatika.

Hesabu ya zizi haigawanyiki, basi! Kutwa nzima nimetafuta namba mbili ambazo jumla yake, urefu na upana, ni kumi na zikizidishwa ni thelathini, nilijenge zizi la pembe nne kama mwalimu wetu Mdachi alivyotufundisha shule ya misheni. Miiba yetu inatosha hatua ishirini kuzunguka. Mbuzi wanahitaji hatua za mraba thelathini. Tano mara tano ndilo eneo kubwa kuliko yote, ishirini na tano. Hesabu hiyo ya kipeo cha pili haivunjiki kuwa mabano mawili. Nami nilidhani nimeisahau shule.

“Baba Elia, mbuzi watalala nje?” mke wangu aliuliza.

Nikacheka. Hapa Kisongo nani hujenga zizi lenye pembe? Nikazungusha duara kwa miiba ileile: hatua za mraba thelathini na moja na ushei.

Mbuzi wamo ndani. Mama Elia ameuliza kwa nini sikuanza hivyo.