Mama, Nimetoa Kizazi na Jina Lako Halijapata Mtu

Mama yangu Nyambura,

Nimetoa kizazi. Nakwambia mwanzo kabisa kwa sababu nakujua, hukuwahi kumpenda mtu anayeanza na habari za mvua na kufika kwenye msiba wakati wa chai. Kimetolewa India, mji unaoitwa Chennai, na mimi ni mzima. Nimeketi hapa Donholm kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wa jikoni, nimekatazwa kuinua hata sufuria ya maji. Kamau ndiye anayefua. Majirani wamemwona mume wangu akianika nguo zangu za ndani kwenye kamba, na wacha waone.

Unajua vizuri maana ya jambo hili kwako. Kwetu mtu huzaliwa upya katika mtoto anayebeba jina lake: msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya mume, na wa pili ndiye huitwa jina la mama ya mke. Wambui wangu alichukua jina la mama mkwe, ilivyo haki. Kaka zangu wamepata wavulana watupu, kwa hivyo wewe ulikuwa unangoja wa pili wangu, na huyo wa pili hakuja, na sasa hatakuja. Mlango nimeufunga mimi mwenyewe, na akili zangu timamu. Sikuja kuomba msamaha. Nimekuja kukueleza, halafu nikugombeze kidogo, maana hiyo nafasi sikuipata ukiwa hai.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiniamsha kule Shauri Moyo? Nilibeba jina la mama mkwe wako, kwa hivyo hata ukinikasirikia ulikuwa na adabu ya ajabu. "Mama mkwe, shuka kitandani uoshe vikombe." Chumba kimoja, pazia katikati, kaka zangu wawili wakicheka chini ya blanketi. Siku niliyovunja thamosi uliinua mkono, ukakumbuka mimi ni nani, ukaushusha, ukaenda kusimama nje mpaka hasira ikapoa. Baadaye nikajifunza kulitumia hilo jina vibaya. Nilikuwa nakudai chapati kama mkwe aliyetoka safari, nawe unanipa huku umebana midomo usicheke.

Nakumbuka pia sweta yako ya bluu, ambayo hukuivaa hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kufungwa kiunoni. Kwenye kibanda chako Gikomba, katikati ya nguo za watoto, ulikalia gunia lililokunjwa mara nne, na mteja akitaka kitu cha juu ulinituma mimi, ili usisimame. Jioni tukirudi nyumbani nilitembea nyuma yako. Hiyo ndiyo kazi uliyonipa, nikuangalie. "Kuko sawa?" unauliza bila kugeuka. "Kuko sawa, Mama." Kama hakukuwa sawa nilisogea karibu na mgongo wako, nikakuziba, tukaenda hivyo kama watu walioshonwa pamoja hadi mlangoni. Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, na nilijua rangi ya damu yako kuliko nilivyojua rangi ya macho yako.

Halafu siku ile ya hospitali, nikiwa kidato cha pili, ulinichukua nikushikie begi. Daktari alikuonyesha picha, akakwambia una uvimbe kwenye kizazi, ni mkubwa, kizazi kitolewe ama damu itakumaliza. Hakukuficha. Nawe ukakaa wima, ukamjibu kwa heshima zako zote: "Daktari, bado sijamzaa mama yangu." Alikutazama, akanitazama mimi. Sikumweleza, nilikuwa naona ni jambo la wazi. Ulikuwa na wavulana wawili na mimi, na mama yako, shosho Gathoni, alikuwa bado anangoja msichana wa kuitwa yeye. Hungeweza kumwacha bila mtu. Tukatoka, tukapitia Muthurwa, ukanunua mboga za managu na maini, ukasema chakula kitarudisha damu.

Ulingoja miaka. Kila ukifungua bando la nguo ulichagua gauni moja zuri, ukaliweka kando. "Hili la Gathoni." Mteja akilitaka unamwambia lina mwenyewe. Ulikuwa umepita miaka arobaini, umekuwa mweupe viganjani, unapumzika mara mbili ukipanda ngazi za kanisa, na bado unaweka magauni chini ya kitanda. Mwishowe moyo ulichoka. Hakukuwa na damu ya kusukuma. Kwenye matanga walisema Mungu amekupenda zaidi, na mimi nikakaa pale nimekunja ngumi ndani ya leso.

Sasa sikia yangu. Ilianza vile vile kama yako, na mimi pia nikajinyamazia, maana ulinifundisha vizuri. Unajua nashona mapazia. Siku moja nilikuwa nyumbani kwa mteja, juu ya ngazi, natia pazia kwenye fimbo, nikaona ukuta unanijia. Nilijikuta chini, yule mteja ananipepea kwa kitambaa chake kipya. Hospitalini wakasema damu imebaki kidogo mno, na tumbo langu lina uvimbe kama mimba ya miezi sita. Tena nilikuwa nimepasuliwa mara mbili kwa uzazi, wa Wambui na wa mdogo wake wa kiume, na yale makovu yalikuwa yameshikana na kibofu. Daktari akaniambia kizazi kinaweza kutolewa hapa hapa Nairobi, kwa kunipasua upya pale pale. Lakini yuko daktari wa upasuaji aliyesoma naye, huko Chennai, ambaye kazi yake ya kila siku ni matumbo yaliyoshikana kama langu, na hutumia matundu madogo tu. Nikasema naenda kwa huyo. Na nikwambie ukweli wote, nilitaka pia kwenda mahali ambapo dada yako, Tata Wangui, hawezi kufika na uji.

Kabla sijaondoka, mdogo wako huyo alikuja na wamama watatu wa kanisa. Wakaimba, wakaomba, wakanywa chai. Kisha Tata akaweka kikombe chini. "Una miaka arobaini na nne tu," akasema. "Sara alizaa akiwa mzee."

"Sara hakuwa na uvimbe, Tata."

"Ukikitoa utakuwa umemfungia mama yako nje. Atazunguka bila pa kuingia. Hata huogopi?" Kisha akamgeukia Kamau. "Na wewe kama mwanaume, umekubali jambo hili?"

Kamau si mtu wa maneno, unge... hukumjua, lakini ungempenda. Alikuwa anakoroga chai yake polepole. Akasema, "Tata, mimi ndiye huosha zile shuka." Wamama wakasimama. Wakabeba vikapu vyao.

Nikaenda. Na ngoja nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu wewe hukuelezwa na mtu, ulionyeshwa picha ukaachwa na hofu yako. Kwanza hawakukubali nisafiri vile nilivyokuwa. Nilitiwa dawa ya madini ya chuma kwa mshipa, mara kadhaa, hadi damu ikapanda. Picha zangu zikatumwa mbele, hospitali ya kule ikaandika barua ya mwaliko, ndipo nikapata viza ya matibabu, na Kamau ya kwake ya kunisindikiza. Yeye alijaza sanduku unga wa ugali. Nilimcheka, lakini tulipofika kwenye nyumba ya wageni jirani na hospitali, nikakuta ina jiko, na wagonjwa wa kutoka nchi zote wanajipikia. Jirani yetu alikuwa mama wa Kisomali wa Eastleigh aliyekuja na goti. Alionja ugali wa Kamau akasema hajaiva, yaani ugali na Kamau wote wawili.

Walirudia vipimo vyote, kila kimoja, kama vile vya Nairobi vilikuwa hadithi. Nilikasirika, halafu nikaelewa kwamba mtu anayetaka kukufungua ana haki ya kuhakikisha. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, ana nywele nyeupe na viatu vya raba. Alinichorea kizazi kwenye karatasi. Akaniambia atatoa hiki na hiki, ovari mbili ataziacha zikiwa nzima, ili nisizeeke ghafla kwa joto la usiku na mifupa kudhoofika. Hedhi itakwisha, mimba haitakuwepo tena, mengine yote ya mwanamke yatabaki. Akaniuliza kama kuna jambo linalonisumbua. Nikamwambia juu yako. Nilimwambia yote, Mama, na yule mgeni alisikiliza mpaka mwisho. Hakunicheka wala hakunipa mahubiri. Aliuliza tu mama yangu alikufa na nini. Nikamjibu, "Na hiki hiki." Akanishika mkono, tukatia sahihi.

Asubuhi yenyewe huli, hunywi. Unavishwa soksi za kubana ili damu isigande miguuni. Wanakusukuma kwenye chumba baridi, mtu anakuambia uhesabu, na hufiki mbali. Ukiamka koo linawasha kwa sababu ya mpira uliopitishwa humo, na kuna mwingine wa mkojo. Tumbo lilikuwa na vidonda vidogo vitano. Kitu ambacho sikutegemea ni bega. Hujazwa hewa tumboni ili waone vizuri, na hewa ile ikipanda inachoma bega, ukafikiri umeanguka. Kesho yake wanakusimamisha, utake usitake. Nesi alikuwa akija kuuliza kama nimetoa upepo. Kila saa, mbele ya mume wangu, upepo, upepo. Ulipotoka hatimaye Kamau alikimbia kwenye korido kuwatangazia, na mimi nikavuta shuka juu ya kichwa.

Damu kidogo hutoka, usishtuke. Machozi nayo hutoka bila sababu. Hawakuniruhusu kupanda ndege mpaka daktari aliponiangalia tena akaridhika. Kwenye uwanja wa ndege nilisukumwa kwa kiti cha magurudumu kama bibi wa kifalme, na ndani ya ndege niliweka mto mdogo kati ya mkanda na tumbo, nikawa nasimama kutembea kila mara, nikiwasumbua watu wenye usingizi. Sasa ni kukaa. Hakuna kubeba mtungi, hakuna kuinama, hakuna mambo ya chumbani kwa wiki kadhaa. Kitu hiki si kidogo, nisikudanganye. Mwili unauma na kuchoka, na kuna siku najishika tumbo naona pako wazi mno. Lakini viganja vyangu vimerudiwa na rangi. Nimeenda hadi geti na kurudi bila kuhema. Nimevaa sketi nyeupe, Mama, nyeupe kabisa, na sikumwomba mtu atembee nyuma yangu.

Tata Wangui alikuja juzi. Hakuniuliza kama nimepona. Aliuliza, "Sasa Nyambura ataitwa na nani?" Wambui wangu alikuwa anamenya viazi. Ana miaka kumi na tisa, mdomo wake unaujua umetoka wapi. Akasema yeye akizaa msichana, hata kama ni wa kwanza, atamwita Nyambura, na watu wa mumewe wakitaka kununa wanune. Nilimshukuru, kisha nikamkataza. Nilimwambia mbele ya Tata: usizae kwa sababu ya shosho yako, usizae kwa sababu yangu. Ukimpata mtoto, mwite unavyopenda. Usipompata, wewe bado ni mtu mzima kamili, na siku mwili wako ukitaka daktari, utaenda siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha jioni. Tata aliondoka bila kumaliza chai. Atarudi, ananipenda, ila mapenzi yake yamekaa upande wa wafu.

Sasa hapa ndipo nakugombeza. Nilipoamka kule Chennai nililia sana, Kamau akafikiri ni maumivu, akamwita nesi. Hayakuwa maumivu. Nilikuwa nimemuuliza nesi ilichukua muda gani, na yeye akajibu bila kufikiri, huku ananipima joto, kwamba ilikuwa kazi ya asubuhi tu, walimaliza kabla ya chakula cha mchana. Kazi ya asubuhi, Mama. Na kukupasua kwa njia ya kawaida, pale Nairobi, siku ile ya begi, kungekuwa kazi ya asubuhi pia. Ungelala wiki, ningekuletea supu baada ya shule, kaka zangu wangefungua kibanda, ungeamka na tumbo linauma, na ungekuwa hai.

Shosho Gathoni hakupata mtu, na sisi tukakukosa wewe. Nimebeba hasira hiyo tangu matanga, na leo naiweka chini mbele yako, uione. Wanasema nimekufungia nje. Mimi nasema ulitoka mwenyewe, ukaniacha ndani na miaka ishirini, ukimfuata msichana ambaye hakuwa amezaliwa. Sikuhitaji dada. Nilihitaji mtu wa kunishika mkono Wambui alipozaliwa. Nilikuwa tayari nipo, Mama. Nilikuwa natembea nyuma yako kila jioni.

Lala salama. Sitamlaza mtu mwingine karibu nawe kwa ajili ya jina.

Binti yako mmoja,
na nilikuwa nimetosha.