Kaseti yetu inalinda mtama

Jumamosi, Utemini

Na bado nina hasira. Nimekula, nimeoga, bado.

Bendi yetu ya posti-panki, ule muziki wa magitaa makali ya kukwaruza, ilirekodi kazi tatu tu. Sidii mbili ninazo. Ile kaseti ya kwanza, ya ujana wetu, imebaki moja, na niliiacha kwa shangazi, kijijini Mtinko. Sasa kuna jamaa wa Dar anataka kuzitoa upya zote, kwa hiyo leo nimepanda pikipiki kuifuata.

"Shikamoo, shangazi. Ile kaseti yangu iko wapi?"

"Marahaba. Iko shambani, inafukuza ndege."

Nikadhani ananitania. Akanipeleka. Utepe wote ameuchomoa, ameufunga kwenye vijiti kuzunguka mtama mzima. Jua limeshaumaliza.

"Shangazi, hukuona jina langu pale juu?"

"Niliona, baba. Sasa ulitaka nikate za kwaya?"

Hilo ndilo linaloniuma. Alichagua! Kabati zima la kaseti, akachagua sisi.

Mara upepo ukaja. Utepe ukaanza kuunguruma, mkavu, mkali, haupumziki. Kwelea wote wakaruka kwa mpigo. Sauti ileile tuliyomlilia fundi wa studio atupatie, akatuambia hizo ni kelele.

Nikatoa simu, nikarekodi. Shangazi akacheka mpaka akakaa chini.

Yule jamaa wa Dar nitamwambia nini, sijui.

Nimeisikiliza tena sasa hivi ile rekodi ya shambani. Kinachoniudhi kuliko vyote, ni nzuri kuliko tulivyopiga sisi.