Chura wa Goli la Kaskazini

Pedra Mansa, Jumatatu, 14 Oktoba 1991

Dada yangu Ivonete,

Nakusalimu wewe, shemeji Osmar na watoto. Natumai goti lako limepoa na mvua imeanza huko kwenu, maharage yapate kupona. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inayotokota, na kama leo huna subira ya kusikiliza mtu akilalamika, weka barua hii chini ya mto uisome baadaye. Lakini nakuomba uisome mpaka mwisho.

Bila shaka umesikia kwa watu kwamba nimefukuzwa. Ni kweli, ila mwanzo wake hujausikia. Nimekuwa kocha wa Estrela miezi minne. Mechi saba za mwisho hatukushinda hata moja, na kila Jumapili jukwaa zima likaniimbia "Punda! Punda!", hata muuza karanga naye akiitikia. Sawa, ndiyo kazi yenyewe, kocha asiyeitwa punda katika nchi hii hajazaliwa. Lakini mimi nimecheza beki miaka kumi na sita, Ivonete! Pua imevunjwa mara tatu, na jino langu la mbele unajua lilikobaki. Nilimwambia rais wa klabu, Astolfo, anayeitwa daktari kwa sababu tu ana kiwanda cha vigae, kwamba shida yetu ni straika wetu Tadeu. Anasimama mbele ya goli kama mlingoti, wala hachezi kwa lolote ila kwa kuwa amemwoa binti wa rais. Unajua alinijibu nini? Eti Tadeu hana kosa, kijana wa watu amerogwa. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Basi akaleta bwana mmoja kutoka mjini, shati jeupe, pete kila kidole. Akazunguka uwanja akinusanusa, akasema kuna chura amezikwa chini ya goli la kaskazini, mdomo umeshonwa. Siku hiyohiyo rais akatangaza redioni kwamba ana imani kamili na kocha wake. Nawe unajua, rais akishasema hivyo, kocha aanze kukunja mashati.

Jumanne wakachimba. Uwanja wa ligi, dada, unachimbwa kama shamba la muhogo! Nilisimama pembeni nikicheka kwa sauti ili wanisikie. Nikawaambia wakimpata huyo chura wamsajili, huenda anaruka kuliko Tadeu. Wachezaji wakaangua kicheko. Mara jembe likagonga bati. Likatoka kopo la jemu ya mapera, limeliwa na kutu, na ndani yake vifupa vidogo na kipande cha uzi mwekundu. Kicheko kikanikauka mdomoni.

Lawama zote zikamwangukia Mzee Belarmino, mtunza uwanja. Miaka thelathini anazimwagilia nyasi zile na kuzisemesha kama watoto wake. Wakasema, nani mwingine ana ufunguo na jembe? Wakamnyang'anya ufunguo mbele ya watu, wakampa hadi Ijumaa awe ameshahama chumba cha chini ya jukwaa anachoishi na mkewe, Bi Quitéria. Mzee akaapa kwa Bikira Maria wa Aparecida, machozi yanamtoka, na vijana walewale anaowafulia soksi wakamzomea: "Mchawi! Nenda kaishi na vyura wenzako!" Hasira ikanipanda. Nikamwambia Astolfo aone haya, mtu mzima na kiwanda chake anamwonea mzee asiye na kosa. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama si huyu, basi ni nani. Nikanyamaza.

Nilinyamaza, Ivonete, kwa sababu ni mimi.

Mwaka 1969 nilikuwa União, timu ya ng'ambo ya mto, nina miaka kumi na tisa, na fainali ilikuwa hapa. Desturi unaijua: kazi ya kumzika chura golini kwa wapinzani hupewa mdogo kuliko wote kikosini. Mdogo nilikuwa mimi. Niliruka ukuta, kopo kwapani. Kesho yake tukashinda moja bila. Nilimkaba straika wao hadi akamlilia refa, lakini sifa zote akapewa chura!

Na uzi ule niliutoa kwenye kikapu chako. Ndiyo, uzi wa hariri wa bendera ya Mtakatifu Benedikto, ambao Bi Zulmira alisema umeuiba, akakufukuza kwenye cherehani zake mbele ya wasichana wote. Nilikuona ukirudi nyumbani, mkasi umeufunga kwenye kitambaa. Mama akakupiga kofi. Mimi nilikuwa mezani, shujaa wa fainali, nakula wali na maharage. Nikaongeza sahani ya pili.

Siku mbili chakula hakikunipita kooni. Alhamisi, kwenye kipindi cha michezo cha adhuhuri, nikaenda redioni nikasema yote. Astolfo akapiga simu, akanifukuza hewani, mji mzima unasikia. Mashabiki wamelipaka dirisha langu mayai. Mzee Belarmino amerudishiwa ufunguo, ila hakunishukuru, na anishukuru kwa lipi? Alinipa jembe akasema shimo nilifukie mwenyewe. Miaka ishirini na miwili nyasi za pale zilikuwa zikimkatalia, akadhani ni mkono wake umezeeka. Nikafukia, naye akanisimamia mpaka mwisho.

Jana wamecheza bila mimi. Wameshinda moja bila: mpira umemgonga Tadeu makalioni ukaingia. Redio ikasema chura katoka, mkosi umekwisha. Miezi minne ya jasho langu, na sifa kapewa chura tena!

Hilo litapita. La mezani siku ile ndilo lisilopita. Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Nitaanzia kwa Bi Zulmira, nimwambie mbele ya wasichana wake, kisha nije kwako. Nimekununulia uzi mwekundu wa hariri, ingawa najua hauwezi kukurudishia kitu. Ukinifungia mlango sitagonga mara ya pili. Nitakaa kizingitini na koti langu, benchi nimelizoea.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mama msalimie tu, usimwambie neno. Kofi lile nitakuja kulidai mwenyewe.

Mdogo wako,
Claudemir