Turubai la Papa Muhindo na Hesabu Zangu za Bahati

Jumapili, tarehe 3 Oktoba
Mvua tena hapa kambini Lushebere. Nimetolewa mapema kwenye karata. Nilikuwa na karata nne za moyo mkononi, nikabadilisha moja kutafuta ya tano, maana tano za aina moja hushinda karibu kila kitu. Haikuja. Hii ni mara ya sita. Nimeandika.

Daftari lina safu mbili: punje nilizostahili na punje nilizopata. Tunachezea punje za mahindi. Kila mkono, yaani kila zamu ya karata, napiga hesabu: nafasi yangu ya kushinda mara punje zilizo mkekani. Hiyo ni haki yangu. Tofauti ni bahati. Tangu Agosti nimestahili punje 212, nimepata 61. Hakuna mwenye mkosi kama mimi katika kambi nzima, na sasa nina ushahidi.

Pokeri tulifundishwa na Papa Muhindo, mtu wa Butembo aliyekuwa na duka Mpofi. Karata ni zake. Turubai pia ni lake, la kufunikia lori. Lori lenyewe lilibaki Mpofi. Watu kumi na wawili wamemwomba turubai hilo. Akaogopa kuchukiwa na kumi na mmoja, akasema tulichezee. Leo mshindi mmoja, Jumapili ijayo mwingine, kisha hao wawili wakutane.

Leo ameshinda Katekista. Anatupa karata nzuri kama maganda ya ndizi, halafu anashinda. Simpendi.

Jumatatu, tarehe 4
Nimeamka nikakuta sufuria ya kukinga mvua kitandani, upande wangu, imejaa. Mtoto wetu Neema amekohoa mpaka alfajiri. Nilimweleza mke wangu kwamba kwa hesabu turubai lilipaswa kuwa letu tayari. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Weye uko napima bahati," akasema, "na mvula iko napima kitanda yetu."

Nilikasirika kwa sababu ni kweli.

Jumanne, tarehe 5
Mazoezi. Kuku wa jirani amekula punje zangu kumi na mbili nikiwa nawaza. Je, ni bahati mbaya au ni uzembe? Nimefikiri saa nzima. Nimefungua safu ya tatu: kuku.

Jumatano, tarehe 6
Siku ya aibu.

Nilimpelekea Katekista daftari ili aone kwamba anacheza vibaya. Kurasa mbili zina makosa yake tu: mara ngapi ameshika karata nne za moyo akazitupa badala ya kungoja ya tano. Alisoma polepole. Alinitazama kwa huruma ya kanisani.

"Mwalimu, ulishaka hesabu hizi karata?"

Sikuwahi. Nimefundisha hesabu miaka kumi na mitatu. Tulizimwaga mkekani tukahesabu. Arobaini na saba. Zinakosekana tano, zote za moyo.

Katekista akanieleza: siku risasi zilipofika Mpofi, Papa Muhindo na wenzake walikuwa wakicheza. Kila mtu alikimbia na alichoshika. Walipokutana hapa kambini, kila mmoja alirudisha karata zake. Papa Riziki tu hajarudisha. Alikuwa ameshika tano za moyo, mkono bora wa maisha yake, akakimbilia nao msituni. Hajaonekana tena. Watu wote wa Mpofi wanajua. Mimi natoka Kibua. Walidhani mwalimu amehesabu.

Kwa hiyo nafasi yangu haikuwa karibu moja kwa tano. Ilikuwa karibu moja kwa kumi. Ile niliyoiita bahati ya Katekista ilikuwa akili. Nimerudia kurasa zote. Haki yangu si 212, ni 70. Nimepata 61. Sina mkosi. Mimi ni mtu wa kawaida. Imeniuma kuliko mkosi wenyewe.

Alhamisi, tarehe 7
Nilikata katoni ya msaada nitengeneze karata tano mpya. Anayetunza karata ni Mama Riziki, mke wa yule mtu. Aliziangalia katoni zangu bila hasira.

"Tuache vile, Mwalimu. Zile zingine atakuya nazo mwenyewe."

 Katoni nimezitumia kuwashia moto.

Jumapili, tarehe 10
Nimeshinda. Sikufukuzia karata za moyo hata mara moja. Nimecheza kwa kuchosha, kama mtu anayesahihisha mitihani. Nimefuzu. Katekista amenipa mkono. Nimeanza kumpenda kidogo, jambo linalonisumbua.

Jumatano, tarehe 13
Kikohozi cha Neema kimezidi. Sijafungua daftari.

Jumapili, tarehe 17
Mimi na Katekista, saa mbili nzima. Kambi yote imezunguka mkeka. Mwishowe napewa karata nne za moyo. Katekista anasukuma punje zake zote.

Nafasi moja kwa kumi. Nilijua. Mtu mwenye akili anatupa. Nikainua macho: wingu jeusi juu ya kilima, na Mama Neema amembeba mtoto. Nikasukuma zangu zote. Nikaomba karata moja.

Mbili ya moyo.

Katekista alikuwa na wafalme watatu, ambao hushindwa na tano za moyo. Mchezo wangu mbaya kuliko yote tangu Agosti. Nilistahili punje nane, nimepata themanini na nne. Katekista aliomba kalamu, akaandika mwenyewe katika safu yangu: BAHATI. Kwa herufi kubwa. 

Njiani nilimwambia mke wangu kwamba naona haya, sikushinda kihalali.

"Bashi haijue vile ulishinda," akasema akilipapasa turubai. Akaanza kutafuta kamba.

Jumatatu, tarehe 18
Imenyesha usiku kucha. Kitanda kikavu. Sufuria imerudi jikoni. Neema amekohoa mara mbili tu.

Asubuhi Mama Riziki alikuja kuchukua karata. Alitenga za moyo, akazihesabu mbele yangu moja moja. Nane. Akafunga pakiti kwa uzi, akaniuliza kama tutacheza Jumapili. Nikamwambia ndiyo.

Nimechora mstari mpya daftarini, nikaandika jina la Papa Riziki. Nafasi yake ya kurudi sijaipiga hesabu, na sitaipiga. Za moyo nane zinatosha kwa sasa.